Maneno ya Mhariri: Kifo cha Mtoto Kifanyiwe Uchunguzi



Mara nyingi ukurasa huu huzungumza juu ya mishahara, saa za kazi, na buti zilizoahidiwa zikachelewa. Hayo ni mambo ya haki wala hatutayaacha. Lakini mwezi huu naomba ruhusa yenu nizungumze juu ya jambo ambalo halijapata kuandikwa katika ajenda ya mkutano wetu hata mara moja, ingawa limebisha hodi katika nyumba za wengi wetu. Jambo lenyewe ni vifo vya watoto wachanga, na vya wale wasiotimiza miaka mitano.

Sisi watu wa reli twajua jambo moja vizuri. Behewa likitoka njiani, hata kama hapana mtu aliyeumia, kazi haiishii katika kulirudisha juu ya reli. Watu huja na kalamu na karatasi. Hupima njia, hutazama mataruma kama yameoza, huuliza nani alikuwa zamu, alionyesha bendera gani, na saa ngapi. Hakuna afisa anayeandika kwamba ilikuwa bahati mbaya kisha akaenda zake. Sababu hutafutwa mpaka ipatikane, ili behewa la pili lisianguke pale pale.

Je, mtoto akifa nyumbani kwetu, Meru ama Embu, twafanya nini? Twachimba kaburi dogo, twaomba, na baada ya siku chache baba amerudi kazini. Jirani husema, "Ni mapenzi ya Mungu, nyamazeni." Hapana anayeuliza nani alikuwa zamu. Mimi nilisomeshwa na misheni mpaka darasa la nane, wala sitaki kushindana na imani ya mtu. Lakini Mungu hakutukataza kuuliza. Nasema kwamba kifo cha mtoto kina sababu zake kama ajali ya reli, na sababu nyingi zimo katika uwezo wetu.

UCHUNGUZI WA NYUMBANI KWANGU

Haifai kuwataka wenzangu wafungue milango yao nami nimefunga wangu. Basi naanza na nyumba yangu.

Mwaka 2021 mke wangu alijifungua mtoto wetu wa pili, msichana, hospitalini, salama. Akarudi nyumbani kwa wazazi wangu, juu ya Runyenjes. Siku ya nane, jioni, mtoto akakataa titi. Mama yangu akasema, "Amechoka huyo, mwacheni alale." Mke wangu akanipigia simu kambini, nami nikiwa na gengi la njia upande wa Sagana. Akaniambia mtoto hanyonyi na mwili wake umelegea. Nikamjibu maneno ambayo nayasikia mpaka leo: "Ngojeni kuche, asubuhi nitatuma pesa za gari."

Kulipokucha, mtoto alikuwa baridi. Zahanati ya karibu hufungwa usiku. Walipofika hospitali ya mbali alikuwa hai bado, lakini hakumaliza saa moja. Muuguzi alisema kwa upole kwamba ni maambukizo ya damu, na kwamba ugonjwa huu ukishikwa mapema una dawa. Hakutulaumu. Mimi ndiye niliyejilaumu, na baada ya miezi mingi nikaketi nikaandika uchunguzi wangu kama vile tuandikavyo wa behewa.

Sababu ya kwanza: kitovu. Shangazi alikuwa akikipaka majivu kama walivyofanya wa kale, na hakuna aliyemzuia. Sababu ya pili: hatukujua kwamba mtoto mchanga akikataa kunyonya, hiyo ni bendera nyekundu. Sababu ya tatu: dereva wa gari la usiku alitaka shilingi 3,000, na nyumba nzima haikuwa na 500. Sababu ya nne: mimi sikuwapo. Sheria ilinipa likizo ya majuma mawili yenye malipo kamili, nami sikuiomba, kwa maana nilitaka pesa za ovataimu. Hapana mtu aliyeninyima. Nilijinyima mwenyewe.

Someni tena sababu hizo nne, ndugu zangu. Hapana hata moja iliyotoka mbinguni.

HESABU YA NCHI

Sasa tutazame nje ya boma langu. Katika Kenya hufanywa uchunguzi mkubwa wa afya za nyumba kila baada ya miaka kadhaa. Mwaka 2003 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 115 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2014 walikuwa 52. Mwaka 2022 walikuwa 41. Hii ni kazi kubwa, na yafaa tuwashukuru wauguzi, wachanjaji na akina mama walioifanya. Mwenye kusema kwamba hakuna kinachobadilika hajasoma hesabu.

Lakini 41 katika 1,000 ni kama mtoto mmoja katika kila 24. Hesabu nyumba za mtaa wako utaona maana yake. Na mataifa ya ulimwengu, pamoja na letu, yamekubaliana kwamba ifikapo mwaka 2030 hesabu hiyo isizidi 25.

Tena tazameni jambo jingine. Katika hao 41 wa mwaka 2022, 21 walikufa kabla ya kumaliza mwezi wa kwanza. Mwaka 2003 waliokufa katika mwezi wa kwanza walikuwa 33. Maana yake ni kwamba chanjo, vyandarua na dawa zimewaokoa sana watoto wakubwa kidogo, lakini mchanga wa mwezi mmoja ameachwa nyuma. Zaidi ya nusu ya ajali zetu zatokea katika maili ya kwanza ya safari. Fundi wa njia akiona hivyo, atapeleka gengi lake wapi? Atalipeleka katika maili ya kwanza.

MAILI YA KWANZA

Watoto wachanga hufa kwa mambo matatu hasa: kuzaliwa kabla ya siku zao, kukosa pumzi wakati wa kuzaliwa, na maambukizo kama yale yaliyomchukua binti yangu. Kwa hivyo kinga yaanza mimba ingali changa. Mama aende kliniki mapema, asingoje tumbo lionekane. Apate sindano ya pepopunda, apimwe damu na presha. Ajifungulie mahali penye mkunga aliyefundishwa, kwa sababu mtoto asiyelia ana dakika chache tu za kusaidiwa kupumua, na dakika hizo hazingoji bodaboda.

Mtoto akiisha kuzaliwa, awekwe kifuani pa mama, anyonyeshwe katika saa ya kwanza. Yale maziwa ya kwanza ya manjano yasimwagwe. Hayo ni kinga. Asioshwe siku hiyo ya kwanza. Kitovu kisipakwe majivu, wala samadi, wala mate. Kiachwe safi na kikavu, ama kipakwe dawa ya kitovu iliyotolewa na muuguzi. Kwetu kwenye miteremko ya Mlima Kenya baridi ya alfajiri ni adui wa kweli wa mtoto mchanga, hasa mdogo aliyezaliwa kabla ya siku zake. Huyu afungwe kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Desturi hii ilianzishwa na madaktari wa mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, katika miaka ya 1970 walipokosa mashine za joto za kutosha, na leo Shirika la Afya Ulimwenguni laipendekeza kwa nchi zote, tajiri na maskini. Kifua cha baba pia chafaa. Msione haya.

Na hizi ndizo bendera nyekundu za mtoto mchanga: kukataa kunyonya, degedege, kupumua mbio ama kwa kuvuta mbavu ndani, mwili kuwa moto sana ama baridi sana, kulegea asiamke, na kitovu chekundu chenye usaha. Ukiona hata moja, ondoka saa ile ile. Usingoje kuche. Hili neno moja likikaa katika vichwa vyenu, nitahesabu kwamba karatasi ya mwezi huu haikupotea.

BAADA YA MWEZI WA KWANZA

Mtoto akivuka mwezi, maadui wengine hungoja mbele: nimonia, kuhara, malaria, na njaa iliyojificha.

Nimonia hupenda jiko lenye moshi. Huku kwetu juu baridi hutufungia sote katika chumba kimoja na moto wa kuni, na mtoto mgongoni mwa mama huvuta moshi ule ule. Toboeni dirisha, jengeni dohani, mtoeni mtoto jikoni. Tena sisi twafanya kazi kwa saa. Basi saa itumike na nyumbani. Mtoto mwenye kikohozi akitulia, tazama kifua chake kwa dakika nzima uhesabu. Chini ya miezi 2, akipumua mara 60 ama zaidi, huo ni ugonjwa. Miezi 2 hata 12, mara 50. Mwaka mmoja hata mitano, mara 40. Kifua kikiingia ndani anapovuta pumzi, hapana haja ya kuhesabu, mpeleke.

Kuhara huua kwa kukausha maji ya mwili. Mwaka 1971 vita vya Bangladesh vilisukuma watu wengi sana kukimbilia India, na kipindupindu kikaingia kambini. Maji ya dawa ya kutiwa mishipani yakapungua. Daktari mmoja, Dilip Mahalanabis, akaamua kuchanganya sukari na chumvi katika maji na kuwapa wagonjwa wanywe, wakinyweshwa na jamaa zao wenyewe. Wagonjwa waliokuwa wakifa karibu 30 katika kila 100 wakapungua mpaka karibu 4. Hayo ndiyo maji ya ORS mnayopewa leo zahanatini katika pakiti. Pakiti ikikosekana usiku, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo sita vya sukari, sawasawa visivyo na kilima, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, usizidishe. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko, mama aendelee kunyonyesha, na asubuhi uombe vidonge vya zinki, ambavyo hupewa mtoto siku 10 mpaka 14. Ikiwa hawezi kunywa, ama ana damu katika choo, hiyo si kazi ya nyumbani.

Wenzetu wa Mbeere na Tharaka, na wote wakaao tambarare ambako maji hutekwa mtoni wakati wa kiangazi, wachemshe maji ya kunywa ama wayatie dawa. Ndio pia wapaswao kulala ndani ya chandarua, kwa sababu malaria ya huko chini haiko sawa na ya huku juu.

Chanjo msizipite. Sindano ya nimonia iliingia katika chanjo za Kenya mwaka 2011, na matone ya kuzuia kuhara kwa virusi vya rota mwaka 2014. Siku za kukumbuka ni wakati wa kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, tena miezi 9 na miezi 18 kwa surua. Wengi huenda ya miezi 9 wakasahau ya 18.

Na chakula. Inasemwa na wataalamu wa Shirika la Afya Ulimwenguni kwamba karibu nusu ya vifo vya watoto chini ya miaka mitano vina mkono wa utapiamlo ndani yake. Mtoto aliyedhoofika huangushwa na ugonjwa ambao mwenziwe angeushinda. Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama tu, hata maji ya glukosi yasiingie. Baada ya hapo uji mwepesi peke yake hautoshi. Kule Kyeni, Embu, kuanzia mwaka 1998 wataalamu wa Kenya na wa Marekani walifanya jaribio katika shule 12. Watoto wengine walipewa githeri yenye mafuta, wengine githeri na maziwa, wengine githeri yenye nyama. Waliopata nyama waliendelea zaidi katika mtihani wa akili na wakachangamka zaidi uwanjani. Hao walikuwa watoto wa shule, lakini funzo ni letu sote: tumbo lililojaa si mwili ulioshiba. Sisemi mnunue nyama kila siku kwa mshahara huu. Ndengu zipo Mbeere, maharagwe yapo, kuku wapo uani, ndizi na parachichi zaoza Meru kwa wingi. Yai la mtoto lisiuzwe kununua soda. Nawaambia na wanaume wenzangu, pesa ya bando moja la miraa ingenunua maziwa ya mtoto siku ngapi? Hesabuni wenyewe, sitawahesabia.

MADAKTARI WALIOTOKA NJE YA UKUTA

Wazee watakumbuka Chogoria, ambayo zamani ilikuwa katika wilaya ya Meru na leo imo Tharaka-Nithi. Daktari Clive Irvine wa misheni ya Waskoti alifika hapo mwaka 1922. Lakini jambo ninalotaka kulitaja lilikuja baadaye, katika miaka ya 1970 na 1980. Hospitali ile haikuketi ikingoja wagonjwa waletwe. Ilipeleka kliniki ndogo vijijini, ikafundisha watu wa huko huko wapite nyumba kwa nyumba na habari za chanjo na kupanga uzazi, na sifa yake ikafika nchi za mbali. Kupanga uzazi ni sehemu ya habari hii, kwa maana mtoto anayefuatwa upesi na mwingine hunyang'anywa titi, na mama hana nguvu bado. Yafaa mama apumzike miaka miwili kabla ya kushika mimba nyingine.

Leo nchi nzima imefuata njia hiyo. Mwezi wa Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 walikabidhiwa kazi na mikoba ya vifaa. Yuko mmoja katika kijiji chako. Ulijue jina lake, na nambari yake ya simu iandikwe ukutani.

MAMBO YA CHAMA

Labda yuko atakayeuliza, "Haya ni mambo ya kliniki, chama cha wafanya kazi chaingilia nini?" Namjibu kwamba mtoto hufa kwa umbali, kwa umaskini na kwa kukosa nafasi, na hayo matatu ndiyo kazi ya chama tangu mwanzo. Reli haifiki Meru wala Embu. Sisi twaacha nyumba zetu, twateremka Sagana ama twazunguka Nanyuki, na mama hubaki peke yake na mtoto na usiku.

Basi tuijue sheria yetu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye mshahara kamili, na baba majuma mawili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yamwamuru mwajiri kuweka mahali pa kunyonyeshea kazini, na kumpa mama nafasi ya kunyonyesha ama kukamua maziwa, mbali na saa ya chakula, isiyozidi saa moja katika kazi ya saa nane. Dada zetu wachuma chai, wa viwandani na wa maofisini, mmepata kukiona chumba hicho? Kama hakipo, si fadhila tunayoomba. Ni sheria. Na tangu Oktoba 2024 kila mshahara hukatwa 2.75 katika 100 kwa bima mpya ya afya ya SHA. Wako wanachama wanaokatwa kila mwezi lakini mke na watoto hawakuandikwa chini ya majina yao. Waandikisheni wiki hii, msingoje siku ya ugonjwa.

Katika mkutano ujao nitaleta mambo manne, nami naomba mje mmekwisha kuyafikiri:

1. Uwekwe mfuko wa gari la usiku, kila mwanachama shilingi 50 kwa mwezi, na mapatano na madereva wa kila kata kwamba watabeba kwanza na mfuko utalipa baadaye.

2. Kila baba apatapo mtoto, katibu wa tawi amwandikie barua ya kuomba yale majuma mawili, hata kama mwenyewe anaona haya ama anataka ovataimu.

3. Wajumbe wetu wadai chumba cha kunyonyeshea, kwa maandishi, wataje sheria na mwaka wake.

4. Mwanachama akifiwa na mtoto, watu wawili wa chama waende wampe pole, na baada ya matanga, kwa upole na kwa ruhusa yake, waandike sababu. Si kwa kumlaumu mtu. Ni ili tujue mataruma yalioza wapi.

Mimi na mke wangu tulijaliwa mtoto mwingine baadaye. Majuma yale mawili niliyachukua. Usiku wa siku ya tano alikataa titi, na safari hii hatukungoja. Tulimbeba kifuani kwangu ndani ya koti la kazi, kwa gari ambalo wenzangu wa gengi walilipia. Alilazwa siku saba, akapigwa sindano, akapona. Sasa anakimbia uani akifukuza kuku.

Kati ya mtoto yule na huyu hakuna tofauti ya damu wala ya bahati. Tofauti ni saa kumi za kungoja. Saa hizo, ndugu zangu, zimo mikononi mwetu.

Mhariri